Askari wa Wanyama Naye ni Mfanyakazi



Wengi wetu tunakaa Kibera na Kawangware. Kutoka Kibera hadi Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ni mwendo wa miguu tu. Lakini tukimwona askari wa wanyama na gwanda lake twasema, "Huyo si mwenzetu." Neno hilo si kweli.

Sisi watu wa reli tunaijua nyika. Mwaka 1898 simba wa Tsavo waliwaua wajenzi wa reli, Wahindi na Waafrika, mpaka kazi ya daraja ikasimama. Askari wa wanyama yuko huko huko hata leo. Mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Humo anatembea siku kadhaa, bunduki begani, maji na unga mgongoni, aking'oa mitego ya waya na kufuata nyayo za majangili. Usiku analala chini. Tembo hajui kwamba huyu ni mlinzi wake. Jangili anajua sana. Mke na watoto wamebaki huku mjini katika chumba cha kupanga, wakingoja simu.

Watu husema kazi hiyo ni wito. Vema, lakini wito haulipi kodi ya nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, likizo ya siku 21 zenye malipo kwa mwaka, na maji safi mahali pa kazi. Kijana aliyeandikwa na ranchi au hifadhi ya jamii kulinda wanyama, sheria hiyo ni yake pia, hata akiwa mbali na barabara.

Basi twawaomba mambo mawili. Kwanza, mtoto wako akipata kazi hiyo, asitie sahihi kabla ya kuuliza: nitapumzika lini, na nikiumia porini nani atanichukua, nani atanilipa fidia? Pili, nyama ya porini ikiletwa kwa siri mtaani, tusiinunue hata ikiwa rahisi. Anayeinunua ndiye anayemlipa jangili, na risasi ya jangili huenda ikampata mtoto wa jirani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni Nguvu!