MACHO YA ANGA LETU

Wananchi wa Kipawa, Kiwalani na Yombo wamezoea ngurumo za ndege. Mara hupita ya abiria, mara ya Jeshi, na zote hushuka katika kiwanja kimoja. Ni wachache wamkumbukao askari aongozaye ndege, ambaye pamoja na mwenzake wa kiraia huhakikisha kuwa hazikutani njiani. Haonekani wala hashangiliwi. Lakini akikosea neno moja, watakaolia ni wengi.

Ndege mbili zipishanapo, moja juu ya nyingine, kwa kawaida huachana kwa futi 1,000. Pasipo rada, mwongozaji hutegemea maneno ya rubani na hesabu zake mwenyewe. Kazi hii yataka akili tulivu na mafunzo ya miaka.

Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliwaondoa wakufunzi wake katika kikosi chetu cha anga, kwa kuwa tuliwakubalia Wajerumani wa Mashariki ubalozi mdogo hapa Dar es Salaam. Tukajua kwamba elimu ya kuazima ina mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2001 Serikali ya Uingereza iliidhinisha tuuziwe rada ya pauni milioni 28. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga waliiona kuwa ghali mno, tena ya kijeshi zaidi. Desemba 2010 kampuni ya BAE Systems ilitozwa faini mjini London kwa kutotunza hesabu ipasavyo. Na mwaka 2012 ikatulipa pauni milioni 29.5, zilizotengwa kwa vitabu na madawati ya shule.

Hatusemi kwamba Jeshi halikustahili rada. Nchi isiyoona anga lake ni nyumba isiyo na mlango. Twasema kwamba bei ya siri hailindi taifa; humlinda mlanguzi.

Hatuna budi basi kununua vyombo kwa uwazi, na kabla ya vyombo kumtunza mtu. Waongoza ndege wa Jeshi na wa kiraia wafunzwe pamoja, na wahojiane pamoja makosa yatokeapo, kwani manahodha wengi chombo huenda mrama. Mafunzo yao yasiwe ya kwanza kukatwa fedha zipunguapo.

Usiku huu mtoto wa Yombo atalala chini ya njia ya ndege. Usingizi wake u mikononi mwa kijana mmoja aliye macho. Tumwezeshe.