Aliyekufa Majini Kaburi Lake ni Jina Lake

Ndugu wanachama,

Katika gazeti letu hili twazoea kusoma habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo naomba nafasi niandike juu ya wafu. Msigeuze ukurasa upesi, maana habari yao ni habari ya daftari, na daftari ni shauri letu la kila siku.

Jumamosi tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail ilipigwa topedo na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilikuwa imetoka Kilindini kwenda Colombo, katika nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa Rejimenti ya 301, mabaharia wa jeshi la Kiingereza, wauguzi wanawake, na watumishi wa meli yenyewe, jumla watu 1,511. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa, wakaokoka 214. Tena manowari zilizolinda msafara ziliitupia nyambizi ile mabomu pale pale walipokuwa watu wangali wakiogelea, kwa kuwa adui alijificha chini yao.

Kufa baharini si kama kufa nchi kavu. Nchi kavu hubaki kaburi, hata kama ni chungu ya udongo tu, na jamaa hujua mahali pa kusimama. Bahari haiweki alama. Kwa hiyo aliyekufa majini kaburi lake ni jina lake, na jina lisipoandikwa mtu huyo amezikwa mara mbili.

Waingereza walilijua jambo hili. Mabaharia wao wa vita wasio na kaburi wameandikwa majina, mmoja mmoja, katika minara ya Portsmouth, Plymouth na Chatham. Hizo ndizo bandari zao walikotoka kwenda kazini. Mjane aliyekaa bandarini hapo aliweza kwenda kwa miguu, akaweka ua, akatia kidole juu ya jina la mumewe, akarudi nyumbani kupika. Mimi siwaonei wivu. Nasema tu kwamba hivyo ndivyo ukumbusho ufaavyo kuwa: jina liwepo, nalo liwe karibu na wenye msiba.

Sasa tutazame kwetu. Wapiga mizinga wa Khedive Ismail wanakumbukwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road hapa Nairobi. Ni jambo jema, na lililo jema tuliseme. Lakini ni wangapi katika Shauri Moyo, Kaloleni au Bahati wanaojua ya kuwa lipo? Jirani yangu mmoja ni bibi aliyepita miaka 80. Baba yake alikwenda vitani yeye akiwa mtoto wa kubebwa, na mama yake aliambiwa amepotea baharini, basi. Nilipomweleza habari za jiwe la Ngong Road aliniuliza neno moja tu: “Hayo majina, waliyaandika sawasawa?” Hakuuliza ukubwa wa jiwe wala aliyelifungua.

Katikati ya mji, katika Kenyatta Avenue, liko jiwe jingine lijulikanalo na kila mtu. Ni sanamu za watu watatu, zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Maneno yake yanaahidi ya kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri, ila jina lenyewe halipo. Hao wana watakumbukaje, ikiwa waliojenga hawakuandika hata moja?

Wengine husema kwamba wapagazi walikuwa wengi mno, na majina ya Kiafrika yalikuwa magumu. Neno hili halinishibishi. Serikali ile ilijua kuhesabu vibanda ili itoze kodi. Baada ya vita ikamvisha kila mwanamume kipande shingoni, chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Kwa kodi na kazi jina lilipatikana, ila kwa heshima ndipo likawa gumu! Na kwa kuwa majina hayakushikwa vizuri, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Ndugu wa reli, ninyi mwajua: mtu asiye katika daftari hana mshahara, hana likizo, hana malipo ya ajali. Jina ndilo mwanzo wa haki.

Sisi wa Eastlands tunalala juu ya historia hii. Kariokor ni jina la kikosi cha wapagazi, tulilolitamka kwa ulimi wetu. Soko la Burma limeitwa kwa nchi walikopigana askari wa vita vya pili. Tuna jina la kikosi na jina la vita, lakini majina ya watu hatunayo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba katika vita vya kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Radhi tumeisikia. Sasa twataka orodha.

Huenda mtu akasema, “Hayo ni mambo ya majeshi, reli inahusikaje?” Inahusika sana. Meli za Ziwa Nyanza zilikuwa meli za reli. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli zilizochukua pamba na abiria kutoka Kisumu zilifungwa mizinga zikawa manowari. Sybil ilikwama upande wa Majita mwaka ule ule. Juni 1915 Usoga, Rusinga, Nyanza, Winifred na Kavirondo ziliwapeleka askari kuushambulia mji wa Bukoba. Watu wa kutia moto na kufunga kamba walikuwa wa kazi kama yetu. Baadaye, tangu 1948, reli na bandari zilikuwa shirika moja chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na Halmashauri hiyo hiyo ilisimamia jeshi la wanamaji la Afrika Mashariki, lililovunjwa mwaka 1962. Baharia na mtu wa reli walikuwa watoto wa nyumba moja.

Na hatari ya maji haikwisha pamoja na vita. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba karibu na Mwanza, meli ya Shirika la Reli la Tanzania. Walikufa watu zaidi ya 800. Huko Igoma yako makaburi na mnara wao, na kila mwaka hufanywa kumbukumbu. Jambo la kujifunza ni kwamba mnara uko pale pale wenye msiba walipo, wala hawahitaji barua ya ruhusa kuufikia.

Najua litaulizwa swali hili: Je, jiwe linaliwa? Mjane ataka unga na karo ya watoto. Kweli kabisa, wala mtu asilipe deni la wajane kwa jiwe. Lakini mambo haya mawili hayapigani. Anayesahau jina la marehemu leo, kesho atasahau malipo ya mjane wake.

Basi naleta shauri langu mbele ya tawi letu. Kwanza, tuchague kamati ya watu watatu. Pili, kamati iandike majina ya Rejimenti ya 301 kutoka orodha ya Tume, ambayo i wazi kwa kila mtu bila malipo. Tatu, majina yasomwe makanisani, misikitini na sokoni, Kariokor na Burma, ili jamaa wajitokeze na kusahihisha palipoandikwa vibaya. Nne, tutafute kumbukumbu za watu wa reli waliofia majini wakiwa kazini, vitani na wakati wa amani. Tano, majina yote yaandikwe juu ya ubao katika Eastlands, mahali ambapo bibi kizee aweza kufika bila kupanda matatu mbili.

Tufanye haraka. Nyumba za zamani za reli zinabomolewa, wazee wanakwisha, na karatasi zilizokaa chini ya magodoro zinatupwa pamoja na magodoro. Ubao wa mbao wenye majina 20 yaliyo sahihi ni bora kuliko sanamu ya shaba isiyo na jina hata moja.

Umoja ni nguvu.

Mimi mfanya kazi mwenzenu,
Shauri Moyo