CPU sio ubongo wa kila kitu, tuache kudanganya madenti

Wadau, nimerudi chuo toka BTP kule Lagangabilili, Itilima, na bado nina hasira.

Siku moja mayu mwenye nyumba wetu alikosea tarakimu moja kati ya zile 20 za LUKU. Mita ikakataa. Dogo wa kidato cha pili anayekaa pale akauliza, "Mwalimu, mita imejuaje?" Mwenzangu akadakia: ina CPU, na CPU ndio ubongo wa kompyuta. Basi! Dogo kimya. Na mimi kimya, hilo ndilo linaloniuma.

Lile jibu ni uvivu wetu, walimu watarajiwa. Tokeni ya LUKU inafuata utaratibu wa STS: biti 66, na 16 kati ya hizo ni CRC, yaani salio la kugawanya zile data. Mita inafumbua tokeni, inagawanya upya, salio lisipolingana inakataa. Jamani, kugawanya dogo anajua!

Na hesabu za aina hiyo si lazima azifanye CPU. Chukua STM32F1, maikrokontrola ya bei poa tu. Ndani ina kitengo cha pembeni cha CRC: unakipa biti 32, kinamaliza kwa mapigo 4 ya saa ya chipu. Huyo "ubongo" anapeleka data na kuchukua jibu.

Utamu uko hapa sasa. Kitengo ni kimoja, draiva ni nyingi, na rejista yake inabeba jibu la nusu njia. Draiva ya mawasiliano ikiwa katikati ya hesabu, ya memori nayo ikamimina data zake, jibu linakuwa takataka, na hakuna taa ya kukuonya. Ni mashine ya kusaga: mahindi ya mayu hayajaisha, mwingine anamwaga mtama wake. Unga wa nani huo? Ndio maana draiva inashika kufuli kwanza, inafuta rejista, inamaliza zamu yake, ndipo inaachia. Foleni, kama mashineni.

Kuna watu hapa hosteli wananiambia "kijijini hawana hata maabara ya kompyuta, CRC ya nini?" Kwani mita haipo ukutani? Mashine ya kusaga je? Hamtaki tu kusoma zaidi ya noti za kukopi.

Namba ya mayu ninayo. Jioni nampigia, nimwombe ampe dogo simu.