Peptidi za ubongo: Semaglutide imegonga mwamba, hizi za mtandaoni je?

Novemba 24, 2025, kampuni ya dawa ya Novo Nordisk ya Denmark ilitangaza habari iliyokatisha tamaa familia nyingi. Semaglutide, dawa ile ile ya kisukari na kupunguza uzito inayouzwa kama Ozempic, haikupunguza kasi ya ugonjwa wa Alzheimer.

Kama hukufuatilia, semaglutide ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, uliotengenezwa kuiga homoni ya utumbo. Matumaini hayakutoka hewani. Takwimu za wagonjwa wa kisukari zilionyesha kuwa waliotumia dawa za aina hii walipatwa kwa uchache zaidi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Basi yakafanyika majaribio mawili, EVOKE na EVOKE+. Watu 3,808 wa miaka 55 hadi 85, wote wakiwa kwenye hatua za mwanzo za Alzheimer. Wapo waliomeza semaglutide, wapo waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maana kati yao.

Sasa kilichonishtua mimi ni hiki: vipimo vya maabara vilikuwa vizuri! Viashiria vya ugonjwa vilionyesha afadhali, lakini mgonjwa mwenyewe aliendelea kusahau na kushindwa kujihudumia kama yule ambaye hakupewa dawa. Wangeishia kwenye vipimo tu, leo tungekuwa tunasoma vichwa vya habari vingine kabisa.

Tuje kwa zile chupa ndogo zinazouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kunoa akili na kuchelewesha uzee: Semax, Epitalon, Dihexa na wenzake. Tuwe wakweli, hazilingani. Semax imeidhinishwa Urusi, madaktari huko huwapa wagonjwa wa kiharusi kama matone ya puani. Dihexa sifa zake zimetoka kwa panya.

Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziweka zote tatu kwenye orodha ya viambato vinavyoweza kuwa hatari kwa usalama vikitumiwa na maduka yanayochanganya dawa. Hofu mojawapo ni uchafu unaobaki wakati wa kuzitengeneza, na mwili kuzishambulia zikidungwa.

Wauzaji wengi wanabandika maandishi madogo, "kwa utafiti pekee", halafu tangazo lenyewe linaongelea kumbukumbu ya mama yako. Maandishi hayo yana kazi moja: kumkinga muuzaji. Hakuna mamlaka iliyothibitisha kilichomo kwenye chupa wala kipimo unachopaswa kutumia.

Kwenye EVOKE, kila aliyepata madhara alirekodiwa. Anayejidunga chumbani hana wa kumfuatilia, kwa hiyo hata anayenunua baada yake hatajua kilichompata.