Pensheni ya Wazee wa Marekani Haikushuka kutoka Mbinguni



Mara nyingi viwandani na mashambani tunasikia watu wakisema kwamba huko Marekani serikali huwalisha wazee bure na kuwatibu bure. Kisha huongeza kwamba sisi hatuwezi kupata mambo hayo kwa kuwa nchi yetu ni maskini. Sisi wa chama tunasema maneno hayo yana makosa mawili. Kwanza, si bure. Pili, utajiri peke yake haukuyaleta. Watu waliyadai, na waliosahauliwa mwanzoni walikuwa watu wa mashamba kama sisi.

Tuanze na fedha. Mfanyakazi wa Marekani hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara kwa ajili ya pensheni ya Hifadhi ya Jamii, na asilimia 1.45 kwa ajili ya Medicare, yaani bima ya afya ya wazee. Mwajiri naye hutoa kiasi kile kile. Fedha anazokatwa kijana leo ndizo zinazomlipa mzee wa leo, na kijana huyo atalipwa na watakaomfuata. Kwa hiyo mzee anayepokea pensheni kila mwezi hapokei sadaka. Alikwisha kutoa zamu yake.

Hata huko mizani haiko sawa. Mwaka 2025 makato ya pensheni yaliishia kwenye mshahara wa dola 176,100 kwa mwaka. Aliyepata zaidi ya hapo hakukatwa hata senti moja ya pensheni kwa kile kilichozidi. Mfagiaji alikatwa kwa mshahara wake wote, lakini mkubwa wa kampuni alikatwa kwa kipande tu cha mshahara wake.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilitiwa sahihi na Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, wakati mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Aliyeihangaikia sana ni mama Frances Perkins, Waziri wa Kazi. Lakini sheria hiyo iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani. Watu weusi wengi wa majimbo ya kusini walifanya kazi hizo mbili, wakabaki mikono mitupu. Wafanyakazi wa mashamba walianza kuingizwa kwa marekebisho ya 1950 na 1954.

Medicare ilichelewa zaidi. Chama cha madaktari kiliipinga kwa nguvu, na vyama vya wafanyakazi vikaidai bila kuchoka, mpaka Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi tarehe 30 Julai 1965. Ilipoanza kazi mwaka 1966, hospitali iliyotaka fedha zake ililazimika kuacha kuwabagua wagonjwa weusi. Sheria moja ya wazee ikabomoa kuta nyingi za ubaguzi mahospitalini.

Sasa tuone inavyofanya kazi, maana ndani yake mna mitego. Ili kupata pensheni ya uzee, mtu awe amechangia kwa muda wa miaka 10 hivi. Kiasi chake huhesabiwa kwa miaka 35 ya mishahara yake mizuri zaidi, na mwaka usio na mchango huhesabiwa sifuri. Kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye, pensheni kamili ni akiwa na miaka 67. Anaweza kuanza kuichukua na miaka 62, lakini itapungua kwa asilimia 30, na upungufu huo haurudishwi. Mbeba mizigo aliyevunjika mgongo hana nguvu ya kungoja. Anayekaa ofisini anaweza kungoja hadi miaka 70 na kuongezewa.

Medicare huanza kwa miaka 65. Sehemu A, ya kulazwa hospitali, haina ada ya mwezi kwa aliyechangia miaka yake. Sehemu B, ya daktari, ina ada. Mwaka 2025 ada ya kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Hata baada ya kulipa, mgonjwa kwa kawaida hubaki na asilimia 20 ya gharama ya daktari. Madawa ya kunywa nyumbani yana sehemu yake, ya D. Meno, miwani na kulelewa kwa muda mrefu katika nyumba ya wazee, kwa kawaida Medicare hailipi. Na asiyejiandikisha kwa wakati, bila kuwa na bima ya kazini, huongezewa asilimia 10 ya ada ya Sehemu B kwa kila mwaka mzima aliochelewa, naye huilipa maadamu yumo katika bima hiyo. Asiyejua sheria hutozwa kwa kutojua.

Wala vita havijaisha. Taarifa ya wadhamini ya 2025 ilieleza kwamba akiba ya mfuko wa pensheni itakwisha mwaka 2033 sheria isipobadilishwa, na makato yatakayokuwa yakiingia yatatosha kulipa asilimia 77 tu. Wengine wanataka kuongeza umri wa kustaafu. Wengine wanataka kile kikomo cha matajiri kiondolewe. Sisi tunajua tuko upande gani.

Na hapa Uganda je? Tunayo NSSF. Mwajiri hutoa asilimia 10, mfanyakazi asilimia 5, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kuchangia. Lakini mwisho wa kazi tunapewa fedha zetu kwa mkupuo, si kila mwezi mpaka kufa. Zinakwenda kwenye mabati, karo na madeni. Ugonjwa ukija baadaye, hakuna kadi ya kuonyesha hospitalini.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kila mmoja aulize hesabu ya michango yake sasa, asingoje nywele ziwe nyeupe. Vibarua wa chai na miwa waandikwe na kuchangiwa kama wengine, wasiachwe mlangoni kama wale wa 1935. Na kila tunapokaa na mwajiri kwa mkataba wa pamoja, matibabu ya waliostaafu yawe mezani pamoja na mshahara.