Nani Atamwambia Nahodha?

Oktoba 1976, Mzee Kenyatta akiwa mkongwe na wananchi wakinong'ona juu ya afya yake, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alionya kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni jinai, na adhabu yake ni kifo. Mabaharia wakafyata. Kumbe kifungu cha 12 cha katiba ya zamani kiliwapa Mawaziri uwezo wa kumtaka Jaji Mkuu aunde jopo la madaktari, lichunguze mwili na akili ya Rais. Uwezo gani huo? Waziri alikula kwa neno la Rais. Enzi za Moi alijua amefutwa kazi kwa kusikiliza redio saa saba mchana.

Katiba ya 2010, kifungu cha 144, imewatwika wabunge mzigo huo: robo yao wakiunga hoja mkono na wengi wakaipitisha, jopo la watu 5, madaktari 3 miongoni mwao, litoe ripoti katika siku 14. Vyema. Lakini Bunge na Ikulu ni majirani, na njia hiyo haioti nyasi. Mpiga kura wa Westlands, wa Dagoretti, mwulize mbunge wako: nahodha akipotewa na akili, utasimama wa kwanza, au utangoja robo nzima isimame?