Ukingo wa Ziwa ni Amana

Katika nchi zetu hizi zilizojaliwa maziwa, hakuna mpaka ulio mgumu kuulinda kama ule unaotenga ardhi na maji. Jiwe la mpaka likishatiwa nchi kavu na mpima ardhi hukaa pale pale mpaka wajukuu walikute. Maji hayana desturi hiyo. Mwaka wa ukame hurudi nyuma, yakaacha ardhi mpya yenye rutuba ambayo haimo katika hati ya mtu yeyote. Mwaka wa mvua hurejea kuchukua kilicho chao, wala hayaulizi ni nani aliyelima au kujenga. Ardhi hiyo ya katikati ni ya nani, na nani mwenye wajibu wa kuitunza?

Kando ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya, swali hilo lilizaa chama cha wenye mashamba ya ukingoni ambacho umri wake wakaribia miaka mia moja. Twaona yafaa historia ya chama hicho ijulikane na kila mwenye kiwanja ufukoni, kuanzia Entebbe na Jinja hadi Kisumu na Mwanza, kwa sababu mema yake na makosa yake yote yanatuhusu.

Ziwa Naivasha limo katika Bonde la Ufa, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Mito ya Malewa, Gilgil na Karati huliletea maji kutoka milimani, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka humo. Hata hivyo maji yake ni baridi na yanyweka, kwa kuwa sehemu yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka kwa mawimbi. Tena si mahali pageni kwetu sisi wa Uganda: hadi mwaka 1902, wakoloni wa Kiingereza walipoisogeza mipaka, Naivasha ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda.

Miaka miwili baada ya hapo, mwezi Agosti 1904, ulitiwa sahihi mkataba uliowaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa ili walowezi wa Kizungu wapewe nafasi. Jambo hili yapasa likumbukwe kabla ya kusema lolote juu ya wenye mashamba. Wale waliolinywesha ziwa hilo mifugo yao kwa vizazi vingi walikwisha kuondolewa ukingoni kabla swali la ukingo ni wa nani halijaulizwa.

Mashamba ya walowezi yalipimwa, na mpaka wake wa upande wa majini ukawekwa kwa kufuata kimo cha maji cha mwaka 1906. Kisha ziwa likaanza kushuka. Kuanzia miaka ya 1920 lilirudi nyuma mwaka hata mwaka, likifichua nyanda pana za udongo mweusi baina ya jiwe la mpaka na maji. Mwenye shamba aliyekuwa jirani ya ziwa akajikuta yuko mbali nalo, na kati yake na maji ipo ardhi isiyo na mwenyewe. Magomvi hayakukawia. Fulani alisema ukanda ule ni wake kwa kuwa uko mbele ya shamba lake. Jirani yake alidai mstari ukatwe kwa pembe nyingine. Na wote wawili walihofu kwamba serikali ingeweza kumleta mtu wa tatu akae baina yao na maji.

Kwa ajili ya kusuluhisha magomvi hayo, walowezi wale waliunda chama chao, na mwaka 1933 chama kikafikia mapatano na serikali ya kikoloni. Mapatano hayo yalikuwa mafupi kwa maana yake. Ardhi iliyoachwa na maji ilibaki kuwa mali ya serikali. Mwenye shamba aliruhusiwa kuitumia iliyo mbele yake, kulima na kulisha mifugo, lakini alikatazwa kujenga juu yake jengo la kudumu. Maji yatakaporudi, mazao yatakwenda na maji, na hakuna atakayedai fidia.

Twakiri kwamba katika masharti hayo mlikuwa na hekima. Wale walioyaandika walijua kwamba ziwa halijahama. Limekwenda safari, na msafiri hurudi. Lakini twasema pia bila kusita kwamba yalikuwa mapatano ya watu wachache. Waliokaa mezani walikuwa wenye hati na watawala wao. Mchungaji, mvuvi na mtumishi wa shambani hawakuitwa, ingawa maji hayo hayo ndiyo waliyoyanywa. Kasoro hiyo ya kuzaliwa imekiandama chama hadi zama zetu.

Kenya ilipojitawala mwaka 1963, ziwa lilikuwa linapanda tena kwa mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka hiyo. Mashamba yalianza kubadili mikono, na baadaye matumizi yake yakabadilika kabisa. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilimo cha maua ya kupeleka Ulaya kilishika mizizi, na katika miaka ya 1990 kikaenea kando ya ziwa kwa mabanda ya plastiki yanayong'aa kutoka mbali. Maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Kenya walikuja kutafuta kazi, na vijiji vikageuka kuwa miji isiyo na mifereji ya maji machafu. Mwaka 1981 mitambo ya Olkaria nayo ikaanza kutoa umeme kwa mvuke wa ardhini, kusini mwa ziwa.

Ndani ya maji kulikuwa na mageuzi ya namna yake. Samaki wa kigeni walikwisha kutiwa humo tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, ambao walikula mimea ya majini kwa pupa isiyo na kifani. Magugu maji nayo yakaingia. Na kila ziwa liliposhuka, mafunjo yaliyokuwa yakichuja tope ukingoni yalifyekwa ili kupanua mashamba. Hapo palikuwa na ubaya mkubwa uliojificha katika ruhusa ile ya mwaka 1933: mtu aliweza kuyashika masharti yote ya mapatano na bado akaliua ziwa.

Kwa hiyo chama cha kugawa ukingo kililazimika kujifunza kazi nyingine. Katika miaka ya 1990 wanachama wake, wakiwamo wakulima wa maua, wenye hoteli na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, walianza kukutana kujadili afya ya ziwa zima. Mwaka 1995 Naivasha iliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ya pili nchini Kenya baada ya Nakuru. Mwaka uliofuata chama kilikamilisha mpango wa kulitunza ziwa, ulioandikwa na wenyeji wenyewe bila kungoja amri kutoka juu. Kikaliondoa neno la umilikaji katika jina lake, ili kifungue mlango kwa wasio na hati. Mwaka 1999 kikatunukiwa tuzo ya Ramsar ya uhifadhi wa ardhi oevu. Sifa hiyo kiliistahili. Ni mara chache duniani watu wenye mali kukubali kwa hiari yao kuwekeana mipaka juu ya maji wanayoyachota.

Hata hivyo, mlango kufunguliwa ni jambo moja, na mtu kuingia na kusikilizwa ni jambo jingine. Mpango ule ulipotangazwa na serikali mwaka 2004 uwe na nguvu ya sheria, walitokea wananchi wa bonde lile waliokwenda mahakamani kuupinga, wakilalamika kwamba hawakushirikishwa. Mpango ukakwama. Wako waliowaita wapingaji hao maadui wa uhifadhi. Sisi twaona hukumu hiyo haikuwa ya haki. Mfugaji ambaye njia zake za kunyweshea zimezibwa kwa nyaya za uzio hawezi kuamini haraka kwamba wenye nyaya hizo wanamlindia maji yake. Watu hawaukatai ulinzi wa ziwa. Wanakataa kulindiwa na kufungiwa nje kwa wakati mmoja.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2002 iliruhusu kuundwa kwa vyama vya watumiaji maji katika kila sehemu ya bonde la mto, na hapo ndipo wenye mashamba ya ukingoni walipolazimika kuwatazama majirani wa mbali. Udongo unaolijaza ziwa unatoka katika vishamba vya wakulima wadogo milimani, Wanjohi na Turasha, safari ndefu kutoka kwenye hoteli na maua. Ukame wa mwaka 2009 ulilishusha ziwa mno, na mwezi Februari 2010 mvua ziliporudi samaki kwa maelfu walionekana wakielea wamekufa. Ilikuwa dhahiri kwa kila mwenye macho kwamba ukingo peke yake haulindi ziwa.

Karibu na wakati huo ulianza utaratibu ambao twausifu kwa moyo wote. Watumiaji wa maji walio chini, kwa msaada wa mashirika ya uhifadhi na maendeleo, walianza kuwalipa wakulima wa juu hati za kununulia pembejeo kila mwaka, nao wakapanda miti na mistari ya majani ya ng'ombe ili kuzuia udongo usichukuliwe. Malipo yalikuwa madogo. Lakini mkulima alipata malisho ya ng'ombe wake, na kwa mara ya kwanza mwenye shamba kubwa ufukoni alikiri, kwa fedha yake, kwamba ana deni kwa mtu wa milimani asiyewahi kuliona ziwa kwa karibu.

Kisha ukaja mwaka 2020. Baada ya mvua za mfululizo, Naivasha lilipanda mpaka likaingia mitaani. Katika mtaa wa Kihoto, ulio kando ya mji, maji yaliingia nyumbani mwa watu, vyoo vikafurika, viboko wakaranda palipokuwa uwanja wa watoto kuchezea, na maelfu ya wananchi wakalazimika kuhama. Wengi wao walikuwa wafanyakazi waliojinyima kwa miaka mingi wapate chumba kimoja cha mawe. Hatuthubutu kuwalaumu. Mtu aliyeuziwa kiwanja na kupewa karatasi huamini karatasi. Lawama twaielekeza kwa wauzaji waliojua historia ya maji yale wakaificha, na kwa maofisa waliogonga mihuri. Sharti la kutojenga lilikuwepo katika mapatano ya ziwa lile tangu mwaka 1933, nalo lilifahamika kwa wenye mashamba makubwa. Aliyenyimwa habari hiyo ni maskini, naye ndiye aliyeilipia.

Nasi tusicheke. Mwaka huo huo wa 2020, Ziwa Viktoria lilipita kimo chake cha mwaka 1964, likafunika gati, masoko ya samaki, hoteli za anasa na vibanda vya wavuvi bila kubagua. Kanuni zetu za mwaka 2000 zaagiza mita 200 kutoka majini ziachwe kuwa hifadhi kando ya maziwa makubwa. Kwa jirani zetu wa Tanzania sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yataja mita 60. Kila apitaye kwa mashua kandokando ya fukwe zetu na ahesabu mwenyewe ni kuta ngapi zimejengwa ndani ya mita hizo, na ni nani wenye kuta. Ni mara ngapi mvuvi anafukuzwa ufukoni kwa jina la sheria, na mwenye ukuta akaachwa?

Kutokana na historia ya Naivasha twatoa rai tatu. Kwanza, mstari wa maji ya juu uwekwe wazi kwa alama zinazoonekana na kila mtu, na ramani zake zibandikwe katika ofisi za kata, ili asiwepo mnunuzi wa kiwanja atakayesema hakujua. Pili, vyama vya ufukoni viundwe na kuheshimiwa, kwa maana serikali haiwezi kuweka askari kila hatua ya ukingo. Lakini mvuvi, mfugaji, mfanyakazi na mkulima wa mtoni wawemo tangu siku ya kwanza wakiwa na kura, wala wasije kualikwa mambo yakiwa yamekwisha kuandikwa. Tatu, ofisa atakayetoa hati juu ya ardhi ya maji awajibishwe yeye binafsi, wala hasara asiachiwe mnunuzi peke yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetamka kwamba maziwa ni ardhi ya umma. Tamko hilo ni jema, na maana yake ni ile ile iliyokuwamo katika mapatano ya zamani: aliye ukingoni ameshika amana. Anaruhusiwa kunufaika nayo, lakini atadaiwa hesabu yake na walio juu ya mto, walio ng'ambo ya ziwa, na watoto ambao bado hawajazaliwa. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga la maji likija huliwa na kijiji kizima.